Maji ya Kinyerezi kwenye karakana ya Jangwani

Anayepanda basi la mwendokasi la Dar es Salaam kutoka Kimara kwenda Kariakoo, akishapita Magomeni Mapipa anaanza kushuka bondeni. Kabla ya kupanda tena kuelekea Faya, basi linakatiza tuta la Barabara ya Morogoro, Mto Msimbazi ukipita chini yake, na kando ya barabara ndipo ilipojengwa karakana ya mabasi hayo hayo. Masika yakikolea, hapa ndipo panapofungwa kwanza. Mabasi ya Kimara yanaishia Magomeni, ya mjini hayavuki Faya, na kila mwenye safari anatafuta njia ya kuzunguka kwa Kigogo au kwa Salander. Anayempeleka mgonjwa Muhimbili naye anazunguka.

Huduma ya mwendokasi ilianza tarehe 10 Mei 2016. Oktoba 2017 maji yaliingia karakana. Aprili 2018 yaliingia tena, barabara ikafungwa, na tangu hapo wakazi wa Dar es Salaam wameizoea picha ya mabasi ya bluu yakiwa yamesimama kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Kisa hiki kinasimuliwa kila mara kama kisa cha karakana iliyojengwa mahali pasipofaa. Ni kweli, na nitaanzia hapo. Ila kwa sisi tunaochora mifereji na kupeleka michoro kuombea vibali, hiyo ni sehemu nyepesi. Nzito ni kujua yale maji yalitoka kwenye viwanja vya nani.

Ardhi iliyokuwa wazi

Bonde la Msimbazi halikuachwa wazi kwa kusahaulika. Mipango kabambe ya jiji, ule wa 1968 na ule wa 1979, iliacha mabonde yasijengwe, na huu wa pili ulilitaja Msimbazi kuwa eneo la hatari. Matokeo yake, miaka thelathini na ushee baadaye, jiji lililokuwa na watu kama 840,000 kwenye sensa ya 1978 na zaidi ya milioni 4.3 kwenye sensa ya 2012 bado lilikuwa na uwanda mpana mtupu katikati, dakika chache kutoka Kariakoo.

Jiweke kwenye nafasi ya anayetafuta mahali pa karakana. Unahitaji ardhi pana, tambarare, iliyo jirani na njia kuu ya mabasi, na ikiwezekana isiwe na mamia ya nyumba za kulipa fidia. Kwenye ramani Jangwani inajibu yote. Jibu ambalo ramani ya aina hiyo haitoi ni kwa nini pamebaki patupu. Mashabiki wa Yanga wangeweza kulitoa: uwanja wao wa Kaunda, pale pale Jangwani, ulishageuka dimbwi.

Wala hakukuwa na uhaba wa dalili. Desemba 2011 mvua ambazo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilizitaja kuwa kubwa kuliko zote tangu 1954 ziliua watu zaidi ya 40, wengi wao mabondeni, na serikali ikawahamishia waathirika Mabwepande. Desemba 2015 tingatinga zikarudi bondeni kubomoa nyumba zilizopigwa alama nyekundu ya X, kwa hoja kwamba hapakaliki. Miezi mitano baada ya ubomoaji huo kuanza, mabasi yakaanza kulala Jangwani. Mwenye nyumba aliyeondolewa alikuwa na haki ya kuuliza kama maji yanamwogopa mwenye basi.

Mhandisi huwa na dawa yake ya mahali kama hapa: jaza kifusi, inua sakafu, zungushia ukuta. Kwa kiwanja kimoja inaweza kufaa. Lakini uwanda wa mafuriko ni chumba cha kulala cha mto. Kila mita ya ujazo ya kifusi inayoingia inafukuza mita ya ujazo ya maji, na maji yaliyofukuzwa yanakwenda kulala kwa jirani, Magomeni Suna au Hananasif. Nimeshaona mchoro wa ujenzi mwingine, mahali pengine bondeni, ambapo kifusi kiliandikwa kama hatua ya kuzuia mafuriko. Kwa nani, mchoro haukusema.

Sheria nayo ina tatizo lake. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na mita sitini hizo sasa zinajulikana hadi na madalali wa viwanja. Lakini mto hauna upana mmoja. Jangwani uwanda unaofunikwa na maji ni mamia ya mita, kwa hiyo mtu anaweza kuheshimu mita sitini akazama. Huko juu, Kinyerezi na Ulongoni, kingo ni za mchanga na zinaporomoka kila msimu. Nyumba iliyokuwa mita themanini kutoka mtoni siku ya kupimwa inaweza kujikuta kwenye ukingo bila kusogea hata inchi. Kipimo kinachotakiwa ni kile kinachofuata alama ya maji ya mvua kubwa, na hicho hakipimwi kwa futi kamba.

Kilichobadilika huko juu

Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, na kumwaga baharini Salander baada ya kilomita kama 35. Njiani unapokea maji ya Gongo la Mboto, Ukonga, Kinyerezi, Segerea, Tabata, Vingunguti, Ubungo na Sinza. Wanaokumbuka Kinyerezi ya mikorosho wapo hai, na wengine hawajafika hata miaka arobaini. Leo ni mabati, pevingi (matofali ya kutandika uani) na kuta.

Tupige hesabu ya kiwanja kimoja tu, cha mita za mraba 400. Kikiwa na majani na mchanga, mvua ya milimita 50 inazama sehemu kubwa, na kinachobaki kinatiririka taratibu. Jenga nyumba yenye paa la mita za mraba 180, weka pevingi mita 100 za kuegesha gari na kuanikia nguo. Sasa mita za mraba 280 hazinywi maji, au zinakunywa kidogo sana, kwa sababu pevingi za mafundi wetu hulazwa juu ya udongo ulioshindiliwa hadi ukawa kama sakafu. Milimita 50 juu ya mita 280 ni lita 14,000. Viwanja elfu moja vya namna hiyo ni lita milioni 14, sawa na magari 1,400 ya maji ya lita elfu kumi, yakifungua koki kwa pamoja.

Neno "kwa pamoja" ndilo linaloua. Jumla ya maji peke yake haijazi Jangwani. Kinachoijaza ni maji yote kufika saa ile ile. Mchanga na nyasi vilikuwa vikiyachelewesha, ya Segerea yakitangulia, ya Pugu yakifuata saa kadhaa baadaye. Paa linamwaga kwenye gata, gata kwenye bomba, bomba kwenye mfereji wa zege, na mfereji wa zege ni barabara ya lami kwa maji. Kila mfereji mzuri tunaojenga juu unafupisha muda wa kufika chini. Mto Ng'ombe, kijito cha bonde hili hili, ulijengewa kingo chini ya mradi wa kuboresha miundombinu ya jiji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na wakazi waliokuwa wakilala juu ya meza kila masika wamepumua. Siwalaumu hata kidogo kwa kushangilia. Nasema tu kwamba maji yale hayakutoweka, yalipewa mwendokasi wake.

Halafu kuna mchanga. Ardhi iliyofyekwa kwa ajili ya msingi, barabara za mtaa zisizo na lami, machimbo ya mchanga ya vijana mtoni, kingo zinazoporomoka: vyote vinashuka na maji. Maji yakifika Jangwani, ambako bonde ni tambarare na bahari iko karibu, yanapunguza kasi na kutua mzigo. Mto unajaa, nafasi ya chini ya daraja inapungua, na mvua ya kawaida inafanya kazi ya mvua kubwa. Ndiyo maana mashine za kijiko huonekana pale zikichota mchanga, na mwaka unaofuata zinachota tena pale pale.

Mshale kwenye mchoro

Miaka kadhaa iliyopita nilichora mfumo wa maji wa jengo la ghorofa nne upande wa Tabata. Ofisi iliyokagua michoro ilirudisha ikiwa na maoni mawili kuhusu maji. La kwanza lilihusu shimo la majitaka: liwe mbali na mpaka, na gari la kunyonya liweze kulifikia. Maoni ya maana. La pili lilikuwa "onesha mwelekeo wa maji ya mvua". Nikachora mshale kuelekea barabarani. Mchoro ukapita.

Mshale ule ulitosha kwa sababu swali lilikuwa maji yanaelekea wapi. Hakuna aliyeuliza yatatoka kiasi gani, wala kwa kasi ipi, wala mfereji wa barabarani unaweza kubeba mishale mingapi. Mvua ya kwanza baada ya jengo kukamilika, jirani wa chini alimwita mjumbe. Maji ya paa letu yalikuwa yanavuka barabara na kuingia getini kwake. Tukainua kingo ya barabara. Yakaenda kwa jirani wa tatu, ambaye alikuwa na busara zaidi: alitoboa tundu kwenye ukuta wake wa nyuma, yakapita moja kwa moja mpaka korongoni. Kutoka korongoni hadi Jangwani hakuna mjumbe wa kumwita.

Hilo ndilo ninaloliona kwenye kisa kizima. Karakana ilikosea kwa kuwa mahali ambapo mishale yote inakutana, lakini mishale tuliichora sisi. Kibali kinakagua kiwanja kimoja kimoja, na kiwanja kimoja kimoja kila kimoja kina sababu nzuri. Miradi mikubwa hupitia tathmini ya athari kwa mazingira chini ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, na hapo maji huandikiwa kurasa. Bonde, hata hivyo, halikujazwa na miradi mikubwa pekee. Limejazwa na nyumba za kawaida, nyingi zikijengwa kabla ya upimaji, zikaja kurasimishwa baadaye, wakati njia ya maji ilishageuka kibaraza cha mtu.

Ipo njia nyingine ya kuuliza. Philadelphia, Marekani, ni mji wenye mabomba ya zamani ambamo kwenye sehemu kubwa ya mji maji ya mvua na majitaka hupita bomba moja, na mvua ikizidi mchanganyiko humwagika mtoni. Tangu 2006 ujenzi wowote unaovuruga ardhi zaidi ya futi za mraba 15,000, yaani kama mita za mraba 1,400, unapaswa kushughulikia ndani ya kiwanja inchi ya kwanza ya mvua inayoanguka kwenye paa na sakafu ngumu. Mwaka 2015 wakapandisha hadi inchi moja na nusu. Anayejenga anachagua mwenyewe: bustani ya kunywesha, tanki chini ya maegesho, paa lenye udongo na majani. Mwaka 2010 wakaanza pia kutoza ada ya maji ya mvua kwa viwanja visivyo vya makazi kulingana na ukubwa wa eneo lisilonyonya, hivyo mwenye maegesho makubwa ya lami analipa kwa ajili ya lami yake.

Sipendekezi tunakili futi za mraba 15,000. Kwetu kiwango hicho kingeacha karibu kila nyumba ya Kinyerezi nje ya wavu. Ninachokiazima ni namna ya kuuliza: kwa namba, kwenye kiwanja, kabla maji hayajafika barabarani.

Na namba hiyo haiko mbali na uwezo wetu. Paa la mita za mraba 180 na tanki la lita 5,000: tanki linameza milimita 28 za mvua, zaidi kidogo ya ile inchi ya Philadelphia. Matanki yapo kwenye nyumba nyingi tayari. Tatizo ni kwamba yamejaa. Mtu wa Dar anayejua mgao wa maji haachi tanki tupu, na tanki lililojaa halimsaidii mtu wa Jangwani hata tone. Kwa hiyo lazima mvua ipewe nafasi yake: tanki la pili, au nusu ya juu ya tanki, lenye tundu dogo linalotoa maji taratibu mpaka liwe tupu ndani ya siku moja. Tundu la upana wa kidole. Fundi bomba yeyote anaweza kuliweka, na mwenye nyumba yeyote anaweza kuliziba wiki inayofuata ili apate maji ya kufulia. Hapo ndipo sharti linapogeuka kazi ya ukaguzi, na ukaguzi wetu huishia siku ya kuchukua kibali.

Mashimo ya kunyonya maji ya mvua yanafaa Kinyerezi, kwenye mchanga na maji ya ardhini yakiwa mbali. Bondeni hayafai kabisa: unachimba mita moja unakutana na maji. Sharti moja la jiji zima lingekuwa kosa.

Yanayochanganyika

Maji yanayoingia karakana si ya mvua tu, na anayeyasafisha anajua kwa pua. Mabomba ya majitaka yanafikia sehemu ndogo ya jiji. Kule katikati ya mji yanamwaga baharini, kwingine yanakwenda kwenye mabwawa kama ya Vingunguti, ambayo yamo ndani ya bonde hili na maji yake yanaishia Msimbazi. Waliobaki wana mashimo. Shimo likijaa, njia halali ni gari la kunyonya. Gari lina bei, na mitaa mingine halipiti. Kwa hiyo mvua kubwa ikishika usiku, wapo wanaotapisha choo: wanatoboa shimo kwa chini, maji ya mvua yanabeba, asubuhi hakuna ushahidi. Mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulianzia Dar es Salaam, na hakuna aliyekulia uswahilini aliyeshangaa.

Wenye mabomba nao wana dhambi yao. Mwenye nyumba anayechoka na ua uliojaa maji anafunua mfuniko wa chemba, au anaelekeza bomba la gata humo humo. Mabomba yetu ni ya majitaka peke yake, hayakujengwa kubeba mvua. Yakipokea mvua, chemba za chini zinafumuka na kilichokuwa cha chooni kinatembea mtaani. Mkaguzi wa jengo jipya anaweza kulibaini hili kwa ndoo moja ya maji yenye rangi iliyomwagwa kwenye gata na kijana mmoja akichungulia chemba. Ni kipimo cha dakika kumi. Kwenye kazi zangu zote nimeombwa mara moja tu, na aliyeomba alikuwa mtu wa benki, si mtoa kibali.

Mabilioni yako chini

Mwaka 2018 TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia serikali za mitaa, na Benki ya Dunia walikusanya wakazi, wahandisi, wanamazingira na viongozi wa mitaa kwa miezi kadhaa kuchora upya bonde, na 2019 ukatoka mpango wa kuliendeleza. Septemba 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200, Hispania na Uholanzi zikaongeza, jumla ikawa kama dola milioni 260. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ndiyo inayosimamia utekelezaji. Mto unachimbwa na kupanuliwa, wakazi wa bondeni wanalipwa fidia na kuondoka, tuta la Jangwani linapisha daraja la urefu wa mita 390, uwanda unageuzwa bustani ya jiji inayoruhusiwa kufurika. Karakana nayo inahamishwa.

Ni mpango mzuri, na bustani inayofurika bila kuua mtu ni matumizi sahihi kabisa ya mahali pale. Una sehemu ya bonde la juu pia: misitu ya Pugu, kudhibiti mmomonyoko na uchimbaji mchanga. Lakini kinachopigwa picha ni daraja, na daraja lina jambo moja ambalo wapiga picha hawaliulizi. Urefu wake kutoka majini unatokana na namba, kiasi cha maji yanayotarajiwa kupita kwa sekunde kwenye mvua kubwa. Namba hiyo inabeba ndani yake dhana kuhusu Kinyerezi, Segerea na Gongo la Mboto zitakavyokuwa: mapaa mangapi, pevingi kiasi gani, mifereji mingapi ya zege. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.38 Dar es Salaam, na wanaoongezeka hawajengi Upanga, katikati ya mji.

Mwezi uliopita nilipita Kinyerezi kumwonesha mteja mwingine kiwanja. Jirani yake alikuwa anachimba msingi, udongo umerundikwa juu ya mfereji wa barabarani kwa sababu hakukuwa na pengine pa kuuweka. Kwenye nguzo ya geti palikuwa na nakala ya mchoro ndani ya mfuko wa nailoni, mhuri ukionekana. Niliinama kuangalia maji ya mvua. Mshale ulikuwepo, mmoja, unaelekea barabarani.